Kitambuzi kimenyamaza, lakini kiti kimeuzwa mara mbili

Swali: Nimeandika kwa lugha ya programu ya Go mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya mikoani. Siku za kawaida unakwenda vizuri, ila kukiwa na msongamano, hasa kuelekea sikukuu, hutokea mambo mawili. Kwanza, idadi ya tiketi zilizouzwa kwenye ukurasa wa meneja huwa pungufu kuliko orodha ya abiria. Pili, mara chache kiti kimoja hupata abiria wawili. Nikiongeza mistari ya logi ili nione kinachoendelea, tatizo linapotea. Niliendesha `go test -race`, yaani majaribio pamoja na kitambuzi cha mbio cha Go. Mara nyingi ilinyamaza, mara moja ikalalamikia kihesabio cha tiketi zilizouzwa. Nikaweka kila mahali kufuli, linaloruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati mmoja; sasa haisemi kitu kabisa, lakini wiki iliyopita kiti namba 14 kimeuzwa tena mara mbili. Je, kitambuzi kina kasoro, au mimi ndiye sijui kukitumia?

Jibu: Kitambuzi ni kizima, ndugu yangu. Una hitilafu mbili za aina tofauti zilizojificha kwenye funksheni moja, na kitambuzi cha mbio kimeundwa kwa ajili ya mojawapo tu. Hiyo umeshaitibu. Ya pili hakitaiona hata ukikiendesha mwaka mzima, kwa sababu tangu ulipoweka makufuli, kwa kipimo chake programu yako haina kosa.

Tuanze na kihesabio. Mstari `b.zilizouzwa++` unaonekana kama tendo moja, lakini ndani yake mna hatua tatu: kusoma thamani iliyopo, kuongeza moja, kuandika jibu. Tuseme zimeshauzwa tiketi 37. Gorutini (uzi mwepesi wa kazi ndani ya Go, unaokwenda sambamba na nyingine) inayomhudumia abiria wa kwanza inasoma 37. Kabla haijaandika, gorutini ya abiria wa pili, inayoendeshwa na kiini kingine cha prosesa, nayo inasoma 37. Ya kwanza inaandika 38. Ya pili inaandika 38. Watu wawili wamelipa, hesabu imepanda kwa moja. Hii ndiyo huitwa mbio za data: nyuzi mbili zinagusa sehemu moja ya kumbukumbu, angalau mmoja unaandika, na hakuna chochote kwenye programu kinacholazimisha mmoja umtangulie mwenzake.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho chenye uzito, na ndicho kitambuzi kinachokipima. Kitambuzi cha Go kiliingia kwenye toleo la 1.1 mwaka 2013, na injini yake ni ThreadSanitizer iliyotengenezwa Google; ni ileile anayoipata mwandishi wa C au C++ akiweka `-fsanitize=thread` kwenye kompaila za Clang au GCC. Injini hii haikai ikisubiri jibu baya litokee. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wako kuwa wa mashine, inapachika msimbo wa ziada kwenye usomaji na uandishi wa kumbukumbu, na kwa kila baiti nane za programu yako inatunza pembeni kumbukumbu kivuli yenye rekodi chache za waliopita hapo: ni gorutini gani, ilisoma au iliandika, na ilikuwa saa ngapi kwa saa yake yenyewe.

Saa hiyo si ya ukutani. Ni namba ambayo kila gorutini hutembea nayo, pamoja na namba za mwisho inazozijua za wenzake. Taarifa hizo hupokezanwa pale tu gorutini zinapokutana kwa utaratibu: mmoja anaachia kufuli kisha mwingine analishika, ujumbe unapita kwenye chaneli (bomba la ujumbe kati ya gorutini), gorutini moja inaanzisha nyingine. Msingi wake uliwekwa na mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport mwaka 1978, alipokuwa akishughulikia kompyuta zilizotawanyika kwenye mtandao: usiulize tukio limetokea saa ngapi, uliza kama lipo lolote linalothibitisha kwamba limetangulia lile jingine. Gorutini inapogusa kumbukumbu na rekodi ikaonyesha kuwa mwingine alishagusa hapohapo bila uthibitisho wa nani alitangulia, ripoti inatoka. Hata kama siku hiyo hesabu ilikuja sahihi.

Ndiyo maana nasema ripoti ikitoka, iamini. Mtu anaweza kubishana nayo kutwa nzima, mwisho wake huwa ni uleule. Ya kwako nadhani ilifanana na hii:

```
WARNING: DATA RACE
Read at 0x00c0000b4010 by goroutine 9:
  main.(*Basi).Kata()
      basi.go:31
Previous write at 0x00c0000b4010 by goroutine 8:
  main.(*Basi).Kata()
      basi.go:31
Goroutine 9 (running) created at:
  main.main()
      main.go:22
```

Wengi husoma sehemu ya kwanza, wakaenda mstari wa 31, wakaweka kufuli hapo na kufunga faili. Soma zote tatu. Anwani ya kumbukumbu ni moja, kwa hiyo wanagombea kitu kimoja. Sehemu ya pili inakuonyesha mgombeaji mwenza, ambaye mara nyingi yuko kwenye faili usilolifikiria kabisa, labda kazi ya nyuma inayosafisha tiketi zilizopitwa na wakati. Sehemu ya tatu inakwambia gorutini hiyo ilizaliwa wapi, na mara kadhaa dawa iko pale: haikupaswa kuzaliwa kabla ya data kuwa tayari.

Na usikubali kuambiwa kwamba kihesabio cha ukurasa wa meneja "si cha maana, kikikosea kidogo hakuna shida". Hakuna mbio za data zisizo na madhara ambazo unaweza kuziwekea dhamana. Katika C++, tangu kiwango cha mwaka 2011, programu yenye mbio za data haina maana yoyote iliyoahidiwa. Kompaila inaruhusiwa kuipanga upya kwa kuamini kwamba jambo hilo halipo. Go ina huruma kidogo zaidi, lakini nayo ukiandika kwenye `map` (jedwali la funguo na thamani) moja kutoka gorutini mbili unaweza kuona `fatal error: concurrent map writes` na programu nzima ikafa, na `recover` haiokoi kitu. Pia, kilichotulia kwenye kompyuta yako ya Intel kinaweza kuyumba kwenye seva ya ARM, kwa sababu prosesa za ARM zina uhuru mkubwa zaidi wa kubadilisha mpangilio wa usomaji na uandishi unaoonekana na viini vingine.

Sasa, kwa nini kitambuzi kilinyamaza mara nyingi na kikasema mara moja? Sababu ya kwanza ni nyepesi: kinaona tu msimbo ulioendeshwa. Kama majaribio yako yanakata tiketi moja baada ya nyingine, hakuna nyuzi mbili za kulinganisha. Sababu ya pili ni ya kujificha zaidi, na inafaa uielewe kwa undani.

Tuseme gorutini A inaongeza kihesabio bila kufuli, kisha inashika na kuachia kufuli fulani kwa shughuli nyingine kabisa. Gorutini B inashika na kuachia kufuli hilohilo, kisha inaongeza kihesabio. Ikitokea A imepita kwanza, kitambuzi kinaona mnyororo kamili: A imeandika, A imeachia kufuli, B imeshika kufuli, B imeandika. Mpangilio upo, hakuna kosa. Ikitokea B imepita kwanza kwenye kufuli, mnyororo huo haupo na ripoti inatoka. Msimbo ni uleule, kosa ni lilelile, lakini kuonekana kwake kunategemea nani alifika mapema kwenye kufuli lisilohusika hata kidogo.

Hapo ndipo logi zako zinapoingia. Kifurushi cha `log` cha Go kina kufuli ndani yake ili mistari isichanganyike. Ulipoweka `log.Println` kabla na baada ya kihesabio, ulifanya mambo mawili kwa mpigo: ulibadilisha mwendo wa gorutini, na uliwapa A na B kufuli la pamoja wasilokuwa nalo. La kwanza linapunguza nafasi ya tatizo kutokea. La pili linaweza kukiziba macho kitambuzi chenyewe. Kwa hiyo usiwinde mbio kwa logi. Ukilazimika kurekodi, kila gorutini iandike kwenye safu yake yenyewe, uzikusanye zote mwishoni.

Kulikuwa na njia nyingine isiyotegemea bahati ya nani alipita kwanza. Mwaka 1997 Stefan Savage na wenzake walitoa chombo kiitwacho Eraser. Chenyewe hakikujali nani ametangulia. Kilijiuliza tu kama kila anayegusa data hii huwa ameshika kufuli fulani lilelile. Katika mfano wa A na B kingelalamika mara zote mbili. Ubaya wake ni kwamba kililalamikia pia misimbo mizuri iliyolinda data kwa njia nyingine, kwa mfano kukabidhiana kwa ujumbe, na msanidi anayepigiwa kelele za uongo kila siku huzima kengele. Vitambuzi vya leo vimechagua kusema kidogo na kusema kweli, na gharama yake ni huo ukimya unaokuchanganya.

Jinsi ya kuupunguza ukimya: usitegemee majaribio madogo pekee. Jenga programu nzima kwa `go build -race`, iweke kwenye seva ya majaribio, kisha imwagie maombi yanayofanana na ya kweli: watu wengi, basi moja, viti vilevile, wengine wakighairi wakati wengine wakikata. Nyaraka za Go zenyewe zinataja gharama ya kumbukumbu mara 5 hadi 10 na muda mara 2 hadi 20, kwa hiyo usiiweke kwenye seva zote za wateja, ingawa moja kati ya kadhaa si wazo baya. Weka `GORACE="halt_on_error=1"` kwenye mazingira ya majaribio ili kosa la kwanza lisimamishe kila kitu; ripoti inayopita katikati ya logi ndefu hakuna anayeisoma. Na kama bado unatumia Go ya kabla ya toleo la 1.19 la mwaka 2022, usifungue gorutini kiholela kwenye jaribio hilo: kitambuzi cha wakati huo kilikuwa na kikomo cha gorutini 8,128 zilizo hai kwa wakati mmoja, ukivuka kinaiua programu.

Hayo yote ni ya hitilafu ya kwanza. Twende kwenye kiti 14.

Hukunitumia msimbo, lakini kwa maelezo yako nina hakika karibu yote kwamba unafanana na huu:

```go
func (b *Basi) Kata(kiti int, abiria string) bool {
    if b.NaniAmekaa(kiti) != "" {
        return false
    }
    b.Andika(kiti, abiria)
    return true
}
```

Ndani ya `NaniAmekaa` umeshika kufuli, umesoma, umeachia. Ndani ya `Andika` umeshika kufuli, umeandika, umeachia. Kila mguso wa kumbukumbu umelindwa, na kitambuzi kikiuliza "nani alitangulia?" kinapata jibu kila mara. Ndiyo maana kinanyamaza, na kinanyamaza kwa haki.

Lakini fuatisha abiria wawili. Wa kwanza anauliza kiti 14, anaambiwa kiko wazi, kufuli linaachiwa. Wa pili anashika kufuli, anauliza kiti 14, anaambiwa kiko wazi, analiachia. Wa kwanza anaandika jina lake. Wa pili anaandika jina lake juu ya lile la kwanza. Wote wawili wamepokea `true`, wote wawili wametumiwa ujumbe wa tiketi. Hakuna mbio za data hapo. Kila hatua imefuata nyingine kwa mpangilio uliothibitishwa. Kilichovunjika ni ahadi ambayo haijaandikwa popote kwenye msimbo: kwamba kati ya kuangalia na kuandika, hakuna kitakachobadilika. Chombo hakiwezi kuijua ahadi hiyo usipoiandika.

Basi kuitambua hitilafu ya namna hii kunaanza na macho. Pita kwenye msimbo wako, simama kwenye kila `Unlock`, na ujiulize: nilipokuwa nimeshika kufuli nilijua jambo gani, na je, bado nalitegemea baada ya kuliachia? Kama jibu ni ndiyo, hapo una mbio za aina hii ya pili. Anza na sehemu zenye sura ya angalia-kisha-tenda: kama salio linatosha, toa, kama faili halipo, litengeneze, kama kiti kiko wazi, kiuze. Utashangaa ni ngapi. Kutumia `sync.Map` badala ya `map` ya kawaida hakukuondolei tatizo hili iwapo unaita `Load` kisha `Store`. Ndiyo sababu kuna `LoadOrStore`, inayofanya yote mawili kwa mkupuo.

Baada ya macho, iandike ile ahadi kama jaribio. Ahadi ni kwamba kiti kimoja kina mshindi mmoja, hata wagombea wawe wangapi:

```go
func TestKitiKimoja(t *testing.T) {
    b := BasiJipya(45)
    var wg sync.WaitGroup
    var waliopata atomic.Int32
    anza := make(chan struct{})
    for i := 0; i < 200; i++ {
        wg.Add(1)
        go func() {
            defer wg.Done()
            <-anza
            if b.Kata(14, "abiria") {
                waliopata.Add(1)
            }
        }()
    }
    close(anza)
    wg.Wait()
    if n := waliopata.Load(); n != 1 {
        t.Fatalf("kiti 14 kimeuzwa mara %d", n)
    }
}
```

Angalia chaneli `anza`. Bila hiyo, gorutini ya kwanza inaweza kuwa imeshamaliza kazi kabla ya ya pili kuzaliwa, na jaribio likapita huku halijajaribu kitu. Kwa chaneli, zote zinasubiri mlangoni na kuachiwa pamoja.

Hata hivyo, inawezekana jaribio hili likapita mara nyingi mfululizo kabla ya kuanguka, kwa sababu pengo kati ya kuangalia na kuandika ni dogo mno. Usiongeze gorutini ziwe elfu kumi. Panua pengo. Weka kwenye `Basi` sehemu iitwayo, tuseme, `kwenyePengo`, ya aina `func()`, na uiite baada ya kuangalia, kabla ya kuandika, kama tu si `nil`. Kwenye seva ya wateja inabaki `nil`. Kwenye jaribio unaipa `time.Sleep` ya milisekunde 50. Jaribio lililokuwa likianguka kwa kubahatisha sasa litaanguka kila unapoliendesha, na hitilafu inayojirudia ukiitaka umeshaimaliza nusu.

Kama unaona ni ujanja wa vichochoroni, wahandisi wa mitambo mikubwa nao hufanya hivyo. Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika kaskazini-mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, watu wapatao milioni 50 wakaathirika. Sababu zilikuwa kadhaa, miti iliyogusa nyaya ikiwemo, lakini mojawapo ni kwamba mfumo wa kengele kwenye chumba cha udhibiti cha kampuni ya FirstEnergy huko Ohio ulikuwa umekwama bila wahudumu kujua. Ulikuwa ni mfumo wa XA/21 wa General Electric. Michakato miwili iliweza kuandika kwenye data moja kwa wakati mmoja, data ikavurugika, programu ya kengele ikabaki inazunguka pasipo kutoka. Nafasi ya hilo kutokea ilikuwa ya milisekunde, na mfumo ulikuwa umeshafanya kazi kwa zaidi ya saa milioni 3 kwenye mitambo mbalimbali pasipo tatizo hilo kujitokeza. Ilichukua kama wiki nane kulinasa, na njia iliyolinasa ni hiyohiyo: walipachika ucheleweshaji wa makusudi ndani ya msimbo, kisha wakaumwagia mfumo kengele nyingi.

Kuhusu wingi wa gorutini, upo utafiti wa mwaka 2008 wa Shan Lu na wenzake, waliochambua hitilafu 105 za programu zenye nyuzi nyingi kutoka MySQL, Apache, Mozilla na OpenOffice. Katika asilimia 96 ya hizo, ukilazimisha mpangilio fulani kati ya nyuzi mbili tu, kosa linajitokeza kwa uhakika. Kwa hiyo 200 za kwenye jaribio langu ni za kuongeza bahati. Zilizo muhimu ni mbili zilizopangwa vizuri. Wanaoandika Rust wana maktaba ya `loom`, ambayo badala ya kubahatisha inapitia mipishano inayowezekana mmoja baada ya mwingine, na watu wa Java wana `jcstress`. Go haina kilichokomaa kiasi hicho, kwa hiyo pengo tunalipanua kwa mkono.

Tiba yenyewe ni fupi: kufuli lishikwe mwanzoni mwa `Kata` na liachiwe mwishoni, likifunika kuangalia na kuandika kwa pamoja. Ila usikimbilie kuandika `b.mu.Lock()` juu ya msimbo uliopo. Kufuli la Go halimjui mwenye nalo. `Kata` ikilishika kisha ikaita `NaniAmekaa` inayolishika tena, itajisubiri yenyewe milele. Kwenye programu ndogo Go itapiga kelele kwamba gorutini zote zimelala, lakini kwenye seva yenye gorutini nyingine zilizo hai hutaona kelele, utaona wateja wanalalamika kuwa ukurasa hauishi kuzunguka. Tenganisha: funksheni za ndani zisizogusa kufuli, na za nje zinazolishika mara moja. Endesha pia `go vet`, itakwambia kama kuna mahali unanakili muundo wenye kufuli ndani yake, kwa mfano ukiandika `func (b Basi)` badala ya `func (b *Basi)`. Kila nakala inakuwa na kufuli lake, na kufuli ambalo kila mtu ana la kwake halimzuii yeyote.

Sasa swali ambalo hukuligusa, nami naliogopa kuliko yote: una seva ngapi? Ukiwa na mbili nyuma ya kisambaza mzigo (kinachogawa maombi kati ya seva), yote niliyosema kuhusu kufuli yanabaki ndani ya mchakato mmoja. Seva ya pili hailijui kufuli la seva ya kwanza, na kitambuzi hakiwezi kuona nje ya mchakato kinamokaa. Kiti cha kweli kiko kwenye hifadhidata, na huko nako mchezo ni uleule. Wengi huamini kwamba wakizungusha `SELECT` na `INSERT` kwa `BEGIN` na `COMMIT` wamesalimika. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kiwango cha kawaida cha kutenganisha miamala ni Read Committed, na katika kiwango hicho miamala miwili inaweza kuuliza kiti 14, yote ikaona hakuna mtu, yote ikaingiza tiketi, na yote ikakamilika bila manung'uniko.

Hivyo kabla hujaandika jaribio hata moja, endesha hili kwenye data uliyo nayo:

```sql
SELECT safari_id, kiti, COUNT(*)
FROM tiketi
WHERE hali = 'hai'
GROUP BY safari_id, kiti
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Jibu litakuonyesha ukubwa wa tatizo, maana wanaofika kulalamika si wote. Wengine walikuta kiti kina mtu, wakahamia cha nyuma, safari ikaendelea. Ukishasuluhisha rudufu hizo, funga mlango kwa faharasa isiyoruhusu rudufu:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX tiketi_kiti_kimoja
ON tiketi (safari_id, kiti)
WHERE hali = 'hai';
```

Tahadhari moja ya biashara ya mabasi. Ikiwa unauza kiti kwa vipande, kwa mfano mtu anashuka Morogoro na mwingine anapandia hapo kwenda Dodoma, kiti kimoja kwenye safari moja kina haki ya kuwa na abiria wawili, na faharasa hii itakukatalia mauzo halali. Hapo tumia sharti la `EXCLUDE USING gist` pamoja na kiendelezi cha `btree_gist`, ukihifadhi vituo kama masafa (kutoka kituo hiki hadi kile), ili kinachokatazwa kiwe ni vipande kuingiliana.

Faharasa ikishakuwepo, anayechelewa atapata kosa namba 23505, au 23P01 ukitumia `EXCLUDE`. Likamate, mwambie abiria kiti kimechukuliwa na umwonyeshe vilivyobaki, na hakikisha hatua hii inakuja kabla ya ombi la malipo kwenda kwenye simu yake. Kurudisha hela ni kazi kubwa kuliko kumwomba achague kiti kingine. Halafu lihesabu. Kila 23505 ni watu wawili waliopita kwenye ukaguzi wako wakati mmoja na kuzuiwa mlangoni, kwa hiyo hiyo namba ni kitambuzi chako cha aina ya pili, na chenyewe kinafanya kazi kwenye seva za wateja wa kweli bila kuzipunguzia kasi. Ichore pamoja na idadi ya maombi kwa saa. Ikipanda sambamba na msongamano, ni hali ya kawaida. Ikipanda ghafla siku maombi hayajaongezeka, tazama mlichobadilisha kwenye toleo la mwisho, na anza na sehemu inayoghairi tiketi ambazo hazijalipiwa.